Mama Asidi na Tangawizi Mwitu

Mama Asidi hakuwa na mtoto, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wafanyakazi wenzake katika maabara ya mimea, chumba kirefu kilichokuwa nyuma ya jengo la utafiti, karibu na choo cha wanaume. Walimpa kwa sababu mbili. Kwanza, kushika asidi ilikuwa kazi yake. Pili, neno lake likikudondokea lilitoboa. Alijua fika kwamba anaitwa hivyo na hakujali hata chembe. Watu wasioweza kuosha chupa, alisema, waacheni wajifurahishe kwa kutunga majina.

Maana kwake hiyo ndiyo ilikuwa dhambi kubwa kuliko zote: kutoosha. Uvivu aliuvumilia, na uongo aliuchukulia kama mvua, kitu kinachonyesha tu. Lakini chupa yenye doa! Aliinyanyua mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akabetua midomo, kisha akamwita mwenye kosa kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka uani.

"Hii umeiosha, au umeiombea dua tu?"

Mwenye kosa mara nyingi alikuwa binti aliyeajiriwa karibuni na shahada yake mpya, ambaye maabara nzima ilimwita Kompyuta kwa kuwa muda wote alikuwa ameiinamia. Kompyuta alikuwa mpole, mwepesi wa hesabu na mzito wa sifongo. "Samahani, Mama, nitarudia," alisema. Mama Asidi alimjibu kwamba akirudia kwa mikono ileile atapata uchafu uleule. Ukimuuliza mtu yeyote katika jengo lile ni nani haoshi vyombo, angekutajia Kompyuta kabla hujamaliza swali. Sifa hiyo ilitengenezwa na mtu mmoja, na aliitengeneza kwa bidii.

Kazi waliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa kupima ukoo wa tangawizi. Ni ukoo mkubwa: tangawizi ya sokoni, manjano, iliki, na binamu wengi wasio na bei, wanaoota kando ya vijito na kung'olewa kama magugu. Kila mmoja ana kemikali zake. Tangawizi mbichi ina jinjeroli, ndiyo inayokuchoma ulimi. Ukiikausha, sehemu ya hiyo jinjeroli inageuka kuwa kitu kingine kikali zaidi. Manjano yana kurkumini, ile rangi inayong'ang'ania vidole vya mpishi hata akivisugua kwa jivu. Iliki ina mafuta yake ya kunukia. Walitakiwa waseme nani kati ya hao ana antioksidanti nyingi zaidi.

Neno hilo zamani lilikaa kwa adabu ndani ya vitabu. Siku hizi limetoka, linazurura. Limo kwenye mafuta ya kupaka, limo kwenye sabuni, limo kwenye maji ya chupa, na anayeliuza hajui kama ni kitu cha kunywa au cha kupigia mswaki. Wageni walipofika maabara na nyuso zao za matumaini, wakiuliza kama ni kweli tangawizi inarudisha ujana, Mama Asidi aliwavunja moyo kwa raha zake.

"Chuma kikikaa nje kinapata kutu," aliwaambia. "Tofaa ukilikata ukaliacha mezani linakuwa jeusi. Hewa inakula vitu. Sasa kuna kemikali zinazojitanguliza kuliwa badala ya kile unachotaka kipone. Ndiyo hizo. Ujana wako umekwenda, kaka yangu, na hauko humu kwenye chupa."

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kiasi kwamba aliona haya kukiita kipimo. Unachukua maji maalumu ya rangi ya zambarau. Unatia dondoo la mzizi, yaani unga wake uliolowekwa kwenye spiriti na kuchujwa. Mzizi ukiwa na nguvu, zambarau inapauka, inabaki njano hafifu. Ukiwa hauna nguvu, zambarau inakutazama vilevile kama mwenye nyumba anayekutazama ukibisha mlango usio wako. Mashine inasoma upaukaji huo na kutoa namba, na kwa namba hiyo watu wanapandishwa vyeo.

Hayo yote Mama Asidi aliyadharau, isipokuwa kitu kimoja. Na kwa kitu hicho kimoja alikuwa mjinga kama mteja yeyote wa mafuta ya kupaka.

Mama yake mzazi alikuwa mchimba mizizi. Walikuwa wakija kwake watu wenye matumbo yanayosokota, na mara nyingi aliwapa mzizi mmoja mweupe wa kijitoni, tangawizi mwitu, aliokuwa akiutwanga na kuwachemshia. Walipita mlango wa nyuma, maana mlango wa mbele ulikuwa wa kumcheka. Siku moja aliupeleka mzizi huo zahanati, amwonyeshe daktari, akiwa amemshika binti yake mkono. Daktari aliunusa, akautupa kwenye ndoo ya taka, akasema, "Mama, nenda kalime mahindi." Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mama akacheka nao, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Binti hakucheka. Wapo wanaosomea kemia kwa kuipenda kemia. Huyu aliisomea kwa hasira.

Mama alifariki bila kuulizwa tena na mtu yeyote kuhusu mzizi wake. Mbegu ilibaki kwa mdogo wake Mama Asidi, fundi cherehani aliyeishi naye nyumba moja, aliyeiotesha kwenye karai bovu nyuma ya nyumba, akaimwagilia maji yaliyosuuziwa vyombo. Mzizi hauna makuu, uliota.

Kwa hiyo kazi ya ukoo wa tangawizi ilipoanza, Mama Asidi alimwendea Mkuu wa maabara, mwanamume wa tai na viatu vinavyolia, akamwomba waongeze tangawizi mwitu. Mkuu alikubali kwa sababu hakuwa anasikiliza. Mama Asidi akakausha, akasaga, akaloweka, akachuja. Mzizi wa mama yake aliuweka mwisho katika kila zamu, baada ya manjano, kama mtu anayeuacha mnofu ukingoni mwa sahani aule mwisho. Namba zilipotoka, alikaa kwenye kigoda akazitazama kwa muda mrefu. Tangawizi mwitu ilikuwa imeipita tangawizi ya sokoni. Ilikuwa imeipita iliki kwa mbali. Ilikuwa inayapumulia manjano kisogoni. Akarudia kazi yote tangu mwanzo kwa mpangilio uleule, na namba zikarudi vilevile.

Hapo Mkuu alianza kusikiliza. Masikio ya wakubwa wa aina yake hufunguliwa na wageni, na wageni walikuwa njiani: watu wa mfuko wa utafiti, wakitaka kuona kitu kipya. Mmea usiojulikana, wenye nguvu kama manjano! Mkuu alifuta picha zote alizoandaa kuwaonyesha ukutani, akaanza upya, na tangawizi mwitu ikatangulia. Chini yake aliandika jina la aliyeigundua. Kwa miaka yote aliyofanya kazi, jina la Mama Asidi lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kabati la viatu.

Furaha ilimharibu. Alianza kuwasalimia walinzi. Alimwambia Kompyuta, "Chupa zako leo si mbaya sana," na Kompyuta akaenda kumuuliza mhudumu wa chai kama Mama anaumwa. Nyumbani alimsimamisha mdogo wake katikati ya kushona pindo.

"Watamtaja Mama," alisema. "Mbele ya watu. Nitasema mzizi ni wa mama yangu."

Mdogo wake alikuwa mtu wa kucheka, na alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Dada, na yule daktari wa zahanati yuko hai bado? Tumtumie kadi ya mwaliko!"

"Yuko hai au hayuko, atasikia."

Jumamosi iliyotangulia siku ya wageni, Mama Asidi alifua. Alikuwa na makoti mawili ya kazi, na hapa lazima asifiwe, maana sifa zake zinakaribia kuisha. Koti moja, kuukuu, lilikuwa la manjano peke yake. Alilivaa akishika manjano na kulivua akimaliza, na hata siku moja halikukaribia kazi nyingine. La pili lilikuwa jeupe, la mizizi mingine yote. Mkono wa koti hilo jeupe ulikuwa na doa dogo la njano iliyofifia, na alikumbuka lilivyoingia: alifunua kifuniko cha mashine ya kusagia haraka, na unga wa tangawizi mwitu ukamrukia. Alilikumbuka doa lile kwa mapenzi. Akalipaka sabuni, akasugua.

Doa likawa jekundu.

Kila anayepika anajua jambo hilo. Mchuzi wenye manjano ukidondokea shuka, ukija na sabuni, doa linageuka jekundu kama mtu amekatwa na wembe. Ukisuuza, linarudi njano. Ni kurkumini inayokutana na sabuni. Tangawizi haifanyi hivyo. Mizizi ya kijitoni haifanyi hivyo. Mama Asidi alisimama na mkono wa koti mkononi, povu likimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Dada, umejikata?" mdogo wake aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana."

Alikwenda nyuma ya nyumba, akafukua kipande kwenye karai, akakikata kwa kisu cha jikoni, akakipaka sabuni. Kilibaki cheupe. Alikata kingine. Kikabaki cheupe. Mdogo wake alimwangalia akiipaka sabuni mizizi ya mama yao kama mtoto anayeogeshwa kwa nguvu, akaanza kucheka, kisha akaona uso wa dada yake akaacha.

Jumatatu alifika maabara kabla ya wenzake, akaivuta mashine ya kusagia karibu na dirisha. Kifuniko chake kilikuwa na mpira wa kuzuia unga usitoke. Zamani mpira huo ulikuwa unachomoka, na wafanyakazi walikuwa wakiupoteza kila mara, mpaka Mama Asidi alipochoka na uzembe wao, akaubandika kwa gundi kwa mikono yake. Alijisifia kazi hiyo kwa muda mrefu. Tangu hapo aliosha juu ya mpira, akaosha kando ya mpira, akapiga brashi mpaka mpira ukang'aa. Chini yake hakuosha, kwa kuwa alikuwa ameshaamua kwamba hapana chini.

Aliingiza ncha ya kisu, akaubandua. Chini yake manjano yalikuwa yamejipanga, makavu, yameshindiliwa, yakimeguka na kudondoka kila alipogusa. Kila aliposaga manjano, unga wake ulijaa pale. Kila aliposaga tangawizi mwitu baada yake, mashine ilitetemeka na kuurudisha ndani. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini nyani angalau hajawahi kuzunguka msitu mzima akikagua ya wenzake.

Alichukua kinu na mchi vya jiwe, akatwanga kwa mkono mizizi mikavu iliyobaki ya tangawizi mwitu. Akaloweka, akachuja, akatia kwenye maji ya zambarau, akangoja. Zambarau ilipauka kidogo, kwa uchovu, kama mtu anayeitikia salamu asiyoitaka. Akarudia mara ya pili na mara ya tatu, kwa kuwa alitamani sana kuwa amekosea. Hakuwa amekosea. Mzizi wa mama yake ulikuwa nyuma ya tangawizi inayouzwa kwenye mafungu barabarani.

Asubuhi ya wageni alimfuata Mkuu ofisini kwake. Mkuu alikuwa anajifunga tai mbele ya kioo cha dirisha. Mama Asidi alimweleza yote: mpira, gundi, sabuni, kinu. Mkuu alisikiliza akiwa na tai iliyofungwa nusu, na kwa mara ya kwanza alionekana anafikiri, jambo ambalo halikumpendeza usoni.

"Wageni wako getini, Mama," alisema. "Siwezi kufuta sasa."

"Wala huwezi kuonyesha."

"Tutaonyesha kwa tahadhari. Tutasema vipimo vya kwanza vina matumaini, ila kuna chombo hakikuoshwa vizuri na kazi itarudiwa. Mmea unabaki na heshima yake. Wewe pia." Akamalizia fundo. "Yule binti atasamehewa, bado mgeni kazini."

"Binti yupi?"

"Kompyuta. Kila mtu anajua haoshi."

"Kila mtu anajua? Na nani kamwambia?"

Mkuu alimgeukia, akashangaa kweli, bila hila yoyote. "Mama, si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

Mama Asidi alitoka ofisini akashika korido. Aibu ilimchoma, lakini tuseme ukweli, haikuwa aibu tupu. Kulikuwa na tamaa pia. Njia ilikuwa wazi na imefagiliwa. Asingehitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu, na uongo aliokwisha kuusambaza ungesema badala yake. Tangawizi mwitu ingeendelea kuwa na matumaini, picha ingebaki ukutani, mama yake angetajwa. Kazi ya kurudia vipimo ingechukua muda, na watu husahau. Na Kompyuta? Kompyuta angesema samahani, nitarudia. Alikuwa amezoea.

Ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele na chupa zao za maji, Kompyuta akakaa pembeni na kompyuta yake magotini, tayari kubadilisha picha kila Mkuu akitikisa kichwa. Mkuu alizungumza vizuri. Wajinga wengi huzungumza vizuri, hawabebi mzigo. Picha ya tangawizi mwitu ikatokea, kubwa, ua lake jekundu, na chini yake jina la Mama Asidi, limeandikwa lote bila kosa. Alilisoma. Akalisoma tena.

"Ni vipimo vya kwanza," Mkuu alikuwa anasema, "na ni lazima tukiri, kulikuwa na uzembe mdogo wa kuosha vyombo, kwa kijana wetu mmoja..."

Kompyuta aliinua uso. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomshinda Mama Asidi. Binti alionekana anajaribu kukumbuka ni chombo gani.

"Si yeye," Mama Asidi alisema.

Mkuu alitabasamu kwa wageni, akaendelea na neno lake.

"Nimesema si yeye." Sasa alikuwa amesimama. "Mashine ya kusagia niliibandika gundi mimi. Manjano yakakaa chini ya mpira. Nikasaga mimi, nikaosha mimi, na sikuosha vizuri. Huyu binti hajaigusa mashine hiyo. Namba mnayoiona hapo si ya mmea huo, ni ya manjano."

Mtu alikohoa. Nyuma, mmoja wa wafanyakazi wenzake alicheka kwa pua, kicheko kilichongoja miaka mingi nafasi yake, na mwingine akadakia. Mama Asidi aliwasikia. Alijua wana haki, na kwa kuwa alijua, kilimuuma mara mbili.

Mgeni mmoja, mwanamke mzee mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliivaa akaitazama picha. Hakuwa na dharau. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo, maana dharau Mama Asidi alijua kuijibu.

"Na mmea wenyewe mliupata wapi?" aliuliza.

Angeweza kusema kijitoni. Angeweza kusema porini, na isingekuwa uongo.

"Ni wa mama yangu. Alikuwa akiwapa watu wanaoumwa tumbo."

"Na umeupima peke yake? Bila hayo manjano?"

"Nimeupima. Mara tatu."

"Una nguvu kiasi gani?"

Hata wale wa nyuma walinyoosha shingo, wakitaka kusikia. Mama Asidi alikuwa amelingoja swali hilo tangu akiwa mtoto aliyeshikwa mkono kwenye benchi la zahanati, na alikuwa na majibu yake mengi, makali, yaliyonolewa vizuri. Alitazama lile ua jekundu ukutani.

"Kidogo," alisema. "Tangawizi ya sokoni inaushinda."

Mwanamke mwenye miwani akaandika. Mkuu akatikisa kichwa, Kompyuta akabonyeza, na picha ya iliki ikaja juu ya ile nyingine.